Mwongozo kamili: kufika kwenye nusu marathoni yako ya kwanza bila kuacha mazoezi njiani

Novemba ikiingia, wanaoanza kukimbia hujaa barabarani. Wamejisajili Kilimanjaro Marathon, wamenunua raba, wanafika kabla jua halijachomoza, wanapiga picha. Ikifika katikati ya Desemba wamebaki wachache. Ukimpigia simu aliyepotea anakujibu kwa unyonge: "Moyo umekata, kaka. Nitajaribu mwakani." Mwakani anajaribu kweli, na anaachia palepale.

Nimeyapitia. Mara yangu ya kwanza nililipia, nikachukua fulana na namba, na asubuhi ya mbio nilikuwa nyumbani Tabata nimejifunika shuka. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimeacha mazoezi tangu wiki ya tano na nikaona aibu kumwambia mtu. Miaka iliyofuata nimemaliza, nimewasindikiza na wengine wakamaliza, na nimejifunza jambo moja ambalo mwongozo huu wote umesimama juu yake: hamu ya kukimbia haitangulii, inafuata. Huja ukiwa umeshatoka nje dakika kumi. Anayeisubiri kitandani hataiona. Kwa hiyo kazi yetu ni kupanga mambo ili uweze kutoka hata siku ambayo hamu haipo kabisa, na ili ukirudi nyumbani uwe umefurahi kiasi cha kutaka kutoka tena.

Nimechukua mfano wa nusu marathoni ya Kilimanjaro, kilomita 21.1, inayokimbiwa Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Kama mbio zako ni nyingine, hesabu wiki 16 kurudi nyuma kutoka siku yenyewe, uanzie hapo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Raba moja inayokutosha sawasawa. Ijaribu jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Raba ya mtumba haina ubaya, ila bonyeza soli kwa gumba: ikiwa ngumu kama ubao, au imelika upande mmoja, iache. Usikimbie na raba za kuchezea mpira wala za mtindo.

Soksi jozi mbili na mafuta ya mgando. Mafuta hupakwa mapajani, kwapani na vidoleni kabla ya mbio ndefu. Aliyewahi kuoga maji ya moto akiwa amechubuka mapaja hahitaji maelezo zaidi. Kina dada waongeze sidiria ya michezo inayobana vizuri. Anayevaa hijabu achague kitambaa chepesi kinachokauka upesi.

Saa inayohesabu dakika. Ya bei ndogo inatosha, au simu.

Daftari na kalamu. Daftari la shule. Kazi yake utaiona kwenye hatua ya tano.

Njia tatu. Moja fupi inayoanzia mlangoni pako, moja ndefu, na moja ya siku za mvua yenye lami isiyotuama maji. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, barabara ya ufukweni pale Coco Beach na Daraja la Tanzanite ni pazuri kwa mbio ndefu, na vilima vya Chuo Kikuu pale Mlimani ni vizuri kwa mazoezi ya kupanda. Aliye Nairobi ana njia za Msitu wa Karura.

Bajeti iliyokwisha kuhesabiwa. Ada ya kujisajili, nauli ya Moshi, malazi na chakula cha siku mbili. Mji hujaa siku zile. Wapo walioacha mazoezi Januari kwa sababu walijua kimoyomoyo kwamba nauli haitapatikana. Miguu ilikuwa mizima.

Onyo kabla ya lolote: mwenye presha, kisukari, pumu au maumivu ya kifua akijitahidi, mjamzito, na aliyevuka miaka 40 bila kufanya mazoezi kwa muda mrefu, aanze kwa daktari.

## Hatua ya 1: Chagua mbio, lipia, mwambie mtu mmoja

Jisajili mapema. Tarehe ambayo haijalipiwa husogezwa kila unapochoka.

Kisha mwambie mtu mmoja, si watu mia tatu wa kwenye status. Ukitangaza, pongezi zinamiminika siku hiyohiyo, unajiona kama umeshamaliza, na baada ya wiki mbili hakuna anayekumbuka kukuuliza. Mtu mmoja anauliza. Awe wa nyumbani au rafiki asiyekuonea haya, na umpe kazi inayoeleweka: "Kila Jumapili jioni niulize nimetoka mara ngapi wiki hii." Asikuulize kasi wala uzito.

Kama una mwenza, kaeni mzungumze kabla ya kuanza. Jumamosi asubuhi utakuwa nje hadi saa mbili na zaidi. Nani atabaki na watoto, nani atakwenda sokoni? Ugomvi wa nyumbani huua mazoezi kuliko mvua.

Angalia pia kalenda ya Ramadhani. Mfungo husogea mapema kwa siku kama kumi au kumi na moja kila mwaka, na miaka hii umeingia Februari. Kama wiki zako za mwisho zinaangukia humo na unafunga, una njia mbili: mazoezi mafupi na mepesi baada ya kufuturu, au kuchagua mbio nyingine. Zipo: Zanzibar na Dodoma hukimbia katikati ya mwaka, Nairobi na Mwanza kuelekea mwishoni. Usijilazimishe kilomita 18 mchana wa Februari ukiwa umefunga. Joto la pwani halina mzaha.

## Hatua ya 2: Panga usiku, toka asubuhi

Vita vya saa kumi na moja alfajiri hupiganwa saa tatu usiku. Weka bukta, fulana, soksi na raba mahali pamoja, karibu na mlango. Jaza chupa ya maji. Simu inayokuamsha iweke mbali na kitanda, ili kuizima ulazimike kusimama.

Sheria ya kutoka ni hii: toka dakika kumi, kisha una ruhusa ya kurudi. Uiheshimu kwelikweli. Dakika kumi zikiisha na mwili unakataa, rudi nyumbani bila kujilaumu, na siku hiyo inahesabika kuwa umetoka. Mara nyingi hutarudi, kwa kuwa mwili umeshapata joto. Lakini ruhusa isipokuwa ya kweli, akili inajua inadanganywa, na kesho yake haitakubali hata dakika kumi.

Mama mwenye watoto wadogo, au anayedamka saa kumi kuwahi daladala, asijibebeshe alfajiri. Jioni inafaa. Niliyemwona akimaliza kwa furaha kuliko wote alikuwa mwalimu aliyekimbia kuzunguka uwanja wa shule yake saa kumi jioni, wanafunzi wakifunga vipindi vyao vya michezo.

Gizani vaa rangi inayoonekana na ukimbie ukielekeana na magari, ili bodaboda inayokuja uione mwenyewe. Kina dada wasitoke peke yao kabla ya mapambazuko. Mbwa akikufuata, simama, mwangalie, rudi nyuma taratibu, ukikimbia unamwita.

Utajua hatua hii imekaa sawa pale utakapojikuta nje kabla hujaanza kujiuliza kama unataka.

## Hatua ya 3: Punguza mwendo, kisha upunguze tena

Hapa ndipo wengi wanapopotelea, na wao wenyewe hawajui.

Anayeanza hukimbia kama anafukuzwa. Anakumbuka mchakamchaka wa shule, anakumbuka mwalimu wa zamu na fimbo, anadhani mazoezi yasiyouma si mazoezi. Dakika ya tano anahema, dakika ya kumi kichomi kimembana ubavuni, anarudi amevunjika. Kesho yake mwili unakumbuka maumivu yale na unakataa kuacha kitanda. Yeye anauita uvivu, ilhali ni akili ya kawaida ya kiumbe: hakuna anayependa kurudi mahali anapoumia mara nne kwa wiki.

Tumia kipimo cha shikamoo. Ukikutana na mzee njiani, uweze kumwamkia, kuitikia habari za nyumbani, za watoto na za kazi, bila kukatisha neno kuvuta pumzi. Ukiweza, mwendo wako ni sahihi. Ukiishia "shikamoo" tu na mengine yakabaki kifuani, unakimbia mno: punguza, au tembea.

Na kutembea kumo kwenye mazoezi. Wiki tatu za kwanza kimbia dakika tatu, tembea moja, rudia hadi muda uishe. Wiki ya nne iwe tano kwa moja. Baadaye kumi kwa moja. Wapo wanaomaliza kilomita 21 zote kwa mtindo huu, na medali yao ni ileile.

Usione haya kupitwa. Iten na Kaptagat, kule Kenya wanakofanyia mazoezi mabingwa wa dunia, siku za mbio nyepesi huanza taratibu hivi kwamba mgeni anaweza kujichanganya nao dakika za mwanzo. Wao wanajua kwamba siku nyepesi ikigeuzwa ngumu, siku ngumu haitafanyika. Wewe huna hata siku ngumu kwa wiki nane za kwanza.

Sababu nyingine iko ndani ya mwili. Moyo na mapafu huzoea upesi, ndani ya wiki chache unajisikia una pumzi. Mifupa na mishipa inayoshika misuli huchukua miezi. Kwa hiyo pumzi inakuambia nenda wakati ugoko bado haujawa tayari, na majeraha ya wiki ya sita huzaliwa hapo.

Umefaulu kama unarudi nyumbani ukihisi ungeweza kuendelea dakika kumi zaidi, na huendelei.

## Hatua ya 4: Fuata ratiba hii ya wiki 16

Siku nne kwa wiki zinatosha. Jumanne na Alhamisi, dakika 30 hadi 45 za mwendo wa shikamoo. Jumamosi mbio ndefu. Siku ya nne ni ya hiari: matembezi, kuogelea, baiskeli, au dakika 25 nyepesi. Siku nyingine pumzika kabisa.

Mbio ndefu ya Jumamosi iende hivi, kwa kilomita:

- Wiki ya 1 hadi ya 4: 5, 6, 7, kisha rudi 5
- Wiki ya 5 hadi ya 8: 8, 9, 10, kisha rudi 7
- Wiki ya 9 hadi ya 12: 11, 13, 14, kisha rudi 10
- Wiki ya 13 hadi ya 16: 16, 18, 10, kisha mbio zenyewe, Jumapili

Kila wiki ya nne inashuka makusudi, na usiiruke kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa kuwa umepumzika kwa wakati.

Kuanzia wiki ya tisa, kila Alhamisi ya pili tafuta mlima. Panda dakika mbili kwa hatua fupi, shuka ukitembea, rudia mara nne hadi sita. Njia ya Moshi hupanda kuelekea Mweka, katikati ya migomba na kahawa, halafu hurudi ikiteremka. Anayefanya mazoezi yote kwenye tambarare ya Dar es Salaam huukuta mlima ule kama ukuta.

## Hatua ya 5: Andika kabla na baada

Kila unapotoka, andika mstari mmoja wenye vitu vinne: tarehe, dakika, hali ya moyo kabla ya kutoka, na hali ya moyo baada ya kurudi. Hali ipe alama 1 hadi 5. Moja ni kuchukia, tano ni kufurahi.

*Jumanne, dakika 32, kabla 1, baada 4.*

Baada ya wiki tatu pitia safu mbili za mwisho. Utaona kwa mwandiko wako kwamba alama ya kabla haikuambii lolote kuhusu ya baada. Siku uliyoamka na 1 umerudi na 4. Siku uliyoamka na 5 pengine umerudi na 3. Ukishaliona hilo kwenye daftari lako, ile sauti ya kitandani inayosema "leo sijisikii" inapungukiwa nguvu, maana una ushahidi kwamba imekosea mara nyingi.

Kama alama za baada ni 1 na 2 mfululizo, rudi hatua ya tatu: unakimbia kwa kasi, au hulali, au huli.

Eliud Kipchoge, bingwa wa marathoni kutoka Kenya, anajulikana kwa kuandika mazoezi yake kwa mkono, daftari baada ya daftari, miaka nenda miaka rudi. Programu za simu ni nzuri kwa ramani, lakini zinakuonyesha pia kasi za watu wengine, na anayeanza hana haja nazo.

## Hatua ya 6: Vuka shimo la wiki ya tano na ya sita

Hili lisome mara mbili, kwa sababu ukijua linakuja halitakuangusha.

Wiki za kwanza kila kitu ni kipya. Unamaliza dakika 30 za kukimbia na kutembea bila kusimama kwa mara ya kwanza tangu utotoni, unawasimulia watu. Wiki ya tano upya umekwisha. Maendeleo yapo ila hayaonekani tena kwa macho, uchovu mdogomdogo wa mwezi mzima umejikusanya, na mbio bado ziko mbali miezi miwili na nusu. Nje ni mvua za vuli, matope, umeme unakatika. Mtu anakosa Jumanne moja, anaona aibu, anakosa Alhamisi, na Jumamosi anajiambia ataanza upya Jumatatu. Jumatatu hiyo haiji.

Fanya hivi. Kwanza, usisubiri shimo likufikie: mwisho wa wiki ya nne badilisha kitu kimoja. Njia mpya, saa nyingine, au kujiunga na jogging club ya mtaani. Vikundi hivi ni hazina yetu. Jumamosi na Jumapili alfajiri utawasikia kabla hujawaona, wanaimba kwa kuitikiana, wazee, vijana, mama zetu, na ndani ya wimbo kilomita nne zinakwisha hujui zimeishaje. Angalia tu mwendo wao. Kundi likivuka kipimo cha shikamoo, kaa mkiani, hakuna atakayekufukuza.

Pili, shika sheria ya siku mbili: unaruhusiwa kukosa siku moja ya mazoezi, usikose mbili zinazofuatana. Ya pili, toka hata kwa zile dakika kumi. Unalinda kamba isikatike, umbali utajirudisha wenyewe.

Tatu, siku uliyokosa usiilipe. Kulipa deni la Alhamisi kwa kukimbia mara mbili Jumamosi ndiko kunakoleta maumivu ya ugoko. Siku imepita, endelea na ratiba ilipofika.

Nne, malengo yasogeze karibu. Tarehe ya Februari iko mbali mno kukutoa kitandani Desemba. Andika juu ya ukurasa jambo moja la wiki hii tu, kama "kupita mzunguko wa pili bila kutembea", na ulifute kwa mstari likitimia.

Ukifika Jumamosi ya wiki ya saba na umekimbia kilomita kumi, kwa mwendo wowote, hatari kubwa imepita. Siku hiyo kula vizuri, mwite yule mtu wako wa Jumapili umsimulie.

## Hatua ya 7: Desemba ya sherehe, Januari ya ada

Wiki ya nane huangukia Krismasi au Mwaka Mpya, nami nimeiweka kuwa ya kushuka kwa makusudi. Kula pilau yako. Toka mara tatu fupi, asubuhi kabla wageni hawajaamka. Anayekwenda kwao Moshi au Marangu amepata kambi ya bure: milima iko mlangoni na asubuhi hewa ni ya baridi kuliko pwani. Akimbie pole kuliko kawaida siku tatu za kwanza.

Kama kijijini wanashangaa unakimbilia nini bila kufukuzwa, chukua mpwa mmoja mwende naye.

Januari huleta ada za shule, madeni, na joto. Fedha zikibana, mtu huona mazoezi ni anasa. Hayagharimu kitu zaidi ya muda, kwa hiyo usiyakate, kata dakika. Wiki ngumu kabisa ifanye ya dakika 20 Jumanne, 20 Alhamisi, na mbio ndefu ya Jumamosi uilinde kama mshahara. Hiyo ndiyo inayokubeba hadi Moshi.

## Hatua ya 8: Kata mbio ndefu vipande

Kilomita 16 kichwani ni mzigo. Zikate kwa alama za njiani: hadi kituo cha mafuta, kutoka hapo hadi msikitini, kutoka msikitini hadi darajani. Akili ibebe kipande kimoja kwa wakati. Ukiwa kwenye kipande cha pili, cha tano hakikuhusu.

Saa moja kabla ya kutoka kula chepesi ulichokizoea: ndizi mbivu, mkate na chai, au kiazi kitamu. Ukizidi dakika 75 hivi barabarani utahitaji sukari kidogo: tende mbili tatu, kipande cha ndizi, au glukosi kwenye maji. Wengi wanaosema "moyo ulikata kilomita ya 13" hawakukatika moyo, waliishiwa sukari mwilini. Tende tatu zingewafikisha.

Kunywa kwa kiu, mafunda machache kila baada ya dakika 15 au 20. Maji mengi kupita kiasi yana hatari yake: huzimua chumvi ya damu, kichwa kinauma, kichefuchefu kinaanza, mtu anachanganyikiwa. Ukisikia kizunguzungu, au baridi inakutetemesha huku jua linawaka, simama hapohapo, ingia kivulini, jimwagie maji, omba msaada.

Usimeze diklofenaki wala dawa nyingine ya maumivu ili uweze kukimbia. Nimeona watu wakipeana njiani kama pipi. Mwili uliokaukiwa maji pamoja na dawa hizo huumiza figo na tumbo, tena dawa inakuficha ujumbe ambao mguu unajaribu kukupa.

Ujumbe wenyewe usome hivi. Misuli kuuma pande zote mbili, ikipungua ukianza kutembea, ni kawaida. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuigusa kwa ncha ya kidole, yanayoongezeka ukikimbia au yanayokuamsha usiku, ni ya kusimamisha mazoezi na kwenda hospitali. Wiki moja ya kupumzika haikuondoi kwenye mbio. Mfupa uliopasuka unakuondoa. Wiki hiyo endelea kutoka saa ileile, ukae nje, unyooshe mwili, uandike daftari. Mazoea yasife wakati mguu unapona.

## Hatua ya 9: Wiki mbili za mwisho

Umepunguza kilomita, na ghafla unaanza kuogopa. Goti linauma ambalo halijawahi kuuma. Unaota umechelewa kuanza. Unatamani ukimbie kilomita 20 kujihakikishia. Usikimbie. Mwili unajijenga ukiwa umepumzika, na hakuna zoezi la siku kumi za mwisho litakalokuongezea nguvu. Yapo ya kukupunguzia.

Nguvu hiyo ya wasiwasi ipeleke kwenye kazi: thibitisha malazi, chukua namba yako mapema, soma muda wa mwisho wa kumaliza, jaribu nguo zote utakazovaa. Kitu kipya siku ya mbio ni marufuku: raba mpya, soksi mpya, kinywaji ulichopewa na mdhamini. Lala vizuri usiku wa Ijumaa, maana wa Jumamosi huenda usingizi usije, na haidhuru.

## Hatua ya 10: Siku ya mbio

Mbio huanzia na kuishia uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Simama nyuma. Ngoma, spika, watu kwa maelfu, miguu itataka kuruka. Kilomita tatu za kwanza zipime kwa shikamoo ileile ya Novemba, acha wapite.

Mlima wa Mweka ukianza, fupisha hatua. Pumzi ikikatika, tembea kwa haraka mikono ikifanya kazi. Wengi waliokupita utawakuta wameshika kiuno. Watoto watakuwa kando ya barabara, wape mkono, inasaidia kweli. Kwenye mteremko usijiachie: hatua fupi, magoti yamelegea, au mapaja yatakaza kabla hujafika mjini.

Kilomita ya 17 au 18 mawazo ya kuacha yatakuja. Hapo kata vipande: mti ule, kona ile, meza ya maji. Mtanzania Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025, mita za mwisho kabisa alikuwa bado nyuma ya Mjerumani Amanal Petros. Alimpata kwenye mstari, wote wawili wakaandikiwa saa 2:09:48. Alikuwa amebakiza kitu. Nawe bakiza kitu, si kwa ajili ya kumshinda mtu, ila uingie uwanjani ukikimbia.

Ukishavuka, usikae chini. Tembea dakika kumi, kunywa, kula kitu chenye chumvi, vaa fulana kavu. Kushuka ngazi kutakuwa kazi kwa siku mbili tatu.

Siku chache baadaye utajihisi mtupu, kwa kuwa saa kumi na moja alfajiri haina tena kazi. Pumzika wiki nzima. Jumanne ya wiki inayofuata vaa raba, tembea dakika 20 kwenye ile njia fupi ya mlangoni, kisha uandike: kabla ngapi, baada ngapi.